Mvua ikishanyesha: namna ya kujua iliyobaki shambani

Mimi ni mgawa maji wa ndiva moja huku Upare Kusini, wilaya ya Same, katika kijiji ambacho juu yake ni msitu na chini yake ni tambarare ya kuelekea Makanya. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe tuliloachiwa na wazee: usiku linakusanya maji ya kijito, asubuhi nazibua, na kila mwenye zamu anapata saa zake. Lakini simu nyingi ninazopigiwa hazihusu zamu. Zinatoka kwa wakulima wa chini, wanaolima mahindi na fiwi, jamii ya maharage, kwa mvua tupu. "Shangazi, jana imenyesha. Nipande?"

Nami huuliza: imenyesha milimita ngapi, na imelowesha udongo hadi wapi? Hapo simu inanyamaza.

Tambarare yetu inapata kati ya milimita 400 na 600 kwa mwaka, tena zimegawanyika mara mbili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Mahindi yanataka milimita 500 hadi 800 kwa msimu mmoja. Mbegu za muda mfupi zinavumilia pungufu, sawa, lakini ukiziweka namba hizo mbili kando kwa kando utaona kwa nini sina subira na mtu anayeniambia "ilinyesha sana". Sana ni ngapi?

Kopo

Tafuta kopo la bati lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako vikiwa na upana uleule. La maziwa ya unga linafaa, la rangi lililosafishwa linafaa. Lililopanuka juu litakudanganya, kwa sababu linakusanya mvua ya mdomo mpana na kuijaza kwenye kitako chembamba. Chupa ya plastiki iliyokatwa nayo inatumika, ila kitako chake kina mabonde: tia kokoto, mimina maji hadi yafunike mabonde na kokoto, chora mstari. Huo ndio sufuri yako, na kila baada ya kumwaga unarudisha maji hadi hapo.

Lifunge kwenye nguzo, mita moja hivi kutoka ardhini, mahali peupe. Mti au nyumba yenye urefu wa mita tano iwe mbali kwa mita kumi au zaidi. Usiliweke chini ya ukingo wa paa, na usicheke, nimeliona hilo. Soma kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile wanayosoma vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ili siku ukitaka kulinganisha uweze. Rula ya mwanafunzi inatosha: sentimita moja ni milimita kumi. Andika kwenye daftari, mwaga, rudisha kopo.

Sasa hesabu inayofanya kopo liwe na maana. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Eka moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo milimita moja juu ya eka yako ni lita 4,047. Mvua ya milimita 20, ambayo huku ni mvua ya kawaida kabisa ya vuli, inaangusha kwenye eka moja takriban lita 81,000. Hayo ni madebe elfu nne na ushee. Hakuna mtu kijijini anayeweza kubeba madebe hayo kutoka mtoni, na bado watu wanayaangalia yakipita shambani kwenda barabarani.

Paa lihesabu vilevile na upunguze moja ya tano kwa yanayoruka na kupotea. Mabati ya mita za mraba 40, mvua ya milimita 20: lita 800, utakazopata kweli ni kama 640.

Jembe, siku ya pili

Kopo linakwambia kilichoanguka. Kilichoingia ni jambo jingine, na hapa ndipo ningependa ukae nami kidogo, kwa sababu mashamba mengi yanaharibikia hapa.

Kila udongo una mwendo wake wa kunywa. Kichanga kinaweza kupitisha zaidi ya milimita 30 kwa saa. Tifutifu hupitisha 10 hadi 20. Mfinyanzi, moja hadi tano tu. Kwa hiyo milimita 20 zilizonyesha polepole usiku kucha zinaweza kuingia zote hata kwenye udongo mzito, na milimita 20 hizohizo zikishuka kwa nusu saa, kama vuli yetu inavyopenda, nyingi zitaondoka na rutuba yako. Tena udongo mtupu hupigwa na matone, chembe ndogo zinaziba matundu, na jua likiwaka linabaki ganda juu. Mvua inayofuata inakuta mlango umefungwa. Ukiona ardhi imepasukapasuka vigae vyembamba vinavyojikunja pembeni, ndilo hilo ganda.

Kupima mwendo wa udongo wako, kata kopo jingine pande zote mbili libaki bomba. Ligongee ardhini sentimita tano hivi, ukiweka ubao juu yake lisipinde. Simamisha rula ndani, mimina maji, na hesabu maji yanashuka milimita ngapi kwa dakika kumi. Usiiamini mara ya kwanza. Udongo mkavu hunywa kwa pupa, kisha hutulia. Rudia mpaka upate jibu lilelile mara mbili mfululizo, zidisha kwa sita, hiyo ndiyo milimita kwa saa. Fanya pia chini ya mti wenye majani yaliyooza, halafu fanya kwenye njia ya ng'ombe. Tofauti utakayoiona itakuokoa na semina nzima.

Kisha, siku ya pili baada ya mvua, chimba. Si mchoro wa jembe, shimo lenye ukuta ulionyooka. Utaona mstari: juu udongo umekolea rangi, chini umepauka. Pima kina cha sehemu iliyolowa kwa shibiri.

Uwezo wa udongo kushika maji yanayoweza kunywewa na mmea ni huu, kwa kila mita moja ya kina: kichanga milimita 25 hadi 100, tifutifu 100 hadi 175, mfinyanzi 175 hadi 250. Gawa kwa kumi upate sentimita kumi za juu. Udongo wa tifutifu uliokauka unahitaji milimita 10 hadi 17 kulowesha sentimita kumi tu, na mfinyanzi unahitaji 17 hadi 25. Hizo milimita 20 ulizonipigia simu kwa furaha, hata zikiingia zote, kwenye mfinyanzi zimelowesha kiganja kimoja. Chini yake bado ni kiangazi.

Ndiyo maana mbegu za mwenye shamba la kichanga zinaota mapema, mvua hiyohiyo inamfika shibiri moja au zaidi, na jirani yake wa udongo mzito anamwonea wivu. Zikipita siku kumi bila mvua wivu unageuka. Mimi hushauri hivi: usiweke mbegu ya mahindi kabla unyevu haujafika shibiri moja na nusu, isipokuwa unapanda kavu kwa makusudi na una mbegu ya kurudia. Mtama na fiwi vinasamehe zaidi.

Hujui udongo wako ni upi? Tia udongo theluthi moja ya chupa ya wazi, jaza maji, tikisa mpaka mkono uchoke, weka. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika moja, tope laini linafuata kwa saa chache, ufinyanzi utasubiri hadi kesho au zaidi. Soma tabaka. Chukua udongo wa sentimita 30 chini na si wa juu, maana mizizi haili juu.

Maji yaliyopo lakini hayanyweki

Baada ya mvua kubwa matundu yote ya udongo hujaa. Yale makubwa hayawezi kushika. Maji yake hushuka kwa uzito wake ndani ya siku moja kwenye kichanga, siku mbili tatu kwenye mfinyanzi. Yanayobaki yameng'ang'ania kwenye matundu madogo, na hayo ndiyo chakula cha mmea. Mmea unavyonywa, yanayosalia yanazidi kung'ang'ania, hadi mzizi unashindwa kuyavuta. Hapo mahindi yananyauka jioni na asubuhi hayainuki, ingawa udongo ukiushika una ubaridi. Katika mfinyanzi hili huwashangaza watu. Mkono unasema kuna maji, jani linasema hakuna. Liamini jani.

Kwa mkono ufanye hivi: toa udongo kwenye kina cha mizizi, ufinyange tonge. Tonge likishika na kuacha unyevu kiganjani, ghala la maji la udongo limejaa. Likishika lakini likapasuka ukilirusha na kulidaka, umefika nusu. Lisiposhika kabisa, umechelewa.

Hesabu ya ukame wa katikati ya msimu sasa ni nyepesi. Mahindi yanayokaribia kutoa mbelewele, kwa jua letu, hunywa milimita tano hadi sita kwa siku. Mizizi ikiwa imefika sentimita 60 kwenye tifutifu, ghala lote ni milimita 60 hadi 105. Nusu ya kwanza mmea unainywa kwa raha, nusu ya pili kwa shida. Kwa hiyo una siku tano hadi kumi za raha, basi. Mizizi ikiwa imeishia sentimita 30, gawa kwa mbili.

Kwa nini iishie 30? Mara nyingi ni kwa sababu ya tabaka gumu linalotengenezwa na jembe la mkono au plau inayopita kina kilekile mwaka hadi mwaka. Chukua nondo nyembamba, siku ambayo udongo una unyevu, isukume chini taratibu kwa mkono. Ikikwama ghafla kwenye kina kilekile popote unapoichoma, tatizo ni tabaka, si jiwe. Livunje kabla ya mvua kwa jembe la kuchana linalokokotwa na ng'ombe, ukikatisha mteremko, au kwa sururu kwenye mashimo ya kupandia tu kama huna ng'ombe. Samadi ndani ya mistari hiyo, matandazo juu. Huku chini najua mabua yanaliwa na mifugo kabla hujayatandaza, sitakudanganya kwamba ni rahisi. Hata hivyo robo iliyofunikwa si sawa na sufuri.

Mteremko

Maji hayafuati mpaka wa shamba lako. Yanafuata mteremko, na usipouona kwa macho upime kwa fremu ya A: miti miwili ya mita mbili iliyofungwa juu, mmoja wa kukatisha katikati, na jiwe linaloning'inia kwa kamba kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa mti wa katikati. Igeuze, miguu ibadilishane palepale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Tembea nayo ukikatisha mlima, mguu baada ya mguu, kamba ikikaa kwenye usawa, na kila mguu unapokanyaga pigilia kigingi. Mstari utapinda. Uache upinde. Watu wanapenda kuunyoosha kwa kamba upendeze, na maji hutafuta palipo chini kidogo, yanakusanyika, yanapasua.

Kwenye vigingi hivyo chimba mtaro, kina sentimita 60 na upana 60, udongo ukiutupa upande wa juu. Hiyo ni fanya juu, iliyojulikana sana kwa matuta ya Machakos, Kenya. Udongo unaosombwa unazuiliwa na tuta, na miaka ikipita shamba linajisawazisha lenyewe kuwa ngazi. Panda majani ya tembo au guatemala juu ya tuta, lishe ya mbuzi. Ukiutupa udongo upande wa chini ni fanya chini: kazi nyepesi zaidi, lakini ngazi haijengeki vile.

Chini Makanya mtaro uwe sawa kabisa, kwa sababu tunataka maji yakae. Upande wa mashariki wa milima, ambako pepo za Bahari ya Hindi zinapanda na kumwaga mvua kabla hazijatufikia sisi wa kivulini, usiige. Mtaro wa huko uwe na mteremko mdogo wa kuyatoa maji taratibu hadi kwenye njia yenye nyasi. Udongo uliojaa kwenye mlima mkali ni mzito na unateleza. Novemba 2009 maporomoko yaliua watu zaidi ya 20 huko Mamba Miamba, hukuhuku wilayani kwetu. Ukiona nyufa zinazokatisha mteremko, miti inayoanza kuinama, au chemchemi iliyotokea mahali ambapo haijawahi kuwapo, usiongeze mtaro. Hama na watoto usiku huohuo.

Kama kuna kalavati la barabara linalomwaga juu ya shamba lako, wengine wanaona adhabu. Mimi naona mvua ya ziada. Yaongoze maji yake yaingie mtaro wa kwanza, ukijaa yapite kwenye wa pili. Lakini kila tuta liwe na mlango wa kutokea uliopangwa mawe, chini kidogo ya usawa wa tuta. Lisipokuwa na mlango litajitengenezea, na korongo linaloanza hivyo halirudi.

Kidakio chako

Sasa panda juu. Kidakio ni eneo lote ambalo tone likianguka mwishowe linapita mahali pako. Litafute siku ya mvua, na gamboti na mwamvuli, ukiyafuata maji kinyume hadi kwenye mgongo ambapo yanagawanyika, mengine yakienda upande wako na mengine upande wa pili. Sisi tumo ndani ya bonde kubwa la Pangani, linaloanzia Kilimanjaro na Meru, linapita Nyumba ya Mungu, linaishia baharini. Lakini kwa mkulima kidakio cha maana ni kile unachoweza kukizunguka kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Huko juu utaona msitu wa Shengena unafanya nini. Chini ya majani yale mvua inaingia polepole na kushuka ndani kabisa, na kijito kinachotiririka Agosti bila wingu hata moja ni mvua ya zamani inayotoka. Palipolimwa hadi mgongoni, kijito kinafurika Aprili na kukauka Julai. Na kulima ukingoni ni kosa kisheria pia, mita 60 kutoka mto haziguswi, na kuchepusha maji kunataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde.

Pima kijito. Chagua mita kumi zilizonyooka, pima upana na wastani wa kina, tupa kijiti na hesabu sekunde. Tuseme upana ni nusu mita, kina sentimita kumi, kijiti kimetumia sekunde 40. Eneo ni mita za mraba 0.05, mwendo mita 0.25 kwa sekunde. Maji ya chini yanaburuzwa na mawe, kwa hiyo zidisha kwa 0.7. Unapata kama lita 8.75 kwa sekunde. Kwa usiku wa saa 12 hizo ni mita za ujazo 378.

Zinaonekana nyingi. Ukizimwagilia kwa milimita 30, kama si mfereji zingetosha eka tatu. Mfereji wa udongo ukinywa nusu, imebaki eka moja na nusu. Usiku mzima wa kijito! Na mvua moja ya milimita 30 juu ya eka 100 za jirani zako ni mita za ujazo 12,000 na zaidi, sawa na usiku 32 za kijito hicho. Ndiyo sababu mgawa maji anakuhimiza uchimbe mitaro badala ya kugombania zamu. Ndiva ni ya kukuvusha wakati wa mbelewele, mara moja, labda mbili. Haiwezi kuwa mvua yako.

Ukishajua kupima kwa kijiti, pima mara mbili asubuhi moja: kwenye mdomo wa ndiva na mwisho wa mfereji. Andika zote mbili, na saa. Tofauti ni yanayovuja na yanayochepushwa. Yanayovuja mengine si hasara, tazama kama kisima cha anayekaa chini ya mfereji kinapanda siku za zamu. Yanayochepushwa utayajua kwa kuutembea mfereji. Ukienda kwenye mkutano wa watumia maji na namba hizo mbili, anza na ya juu, subiri wakubaliane nayo, ndipo utaje ya chini.